Uuguzi wa mtoto aliyeungua, mwenye maradhi ya ngozi au maambukizi, na utoaji wa chanjo: mwongozo kamili

Mwongozo huu unamlenga muuguzi wa wodi, wa kliniki au wa chumba cha dharura anayepokea watoto, pamoja na mwanafunzi anayejiandaa kuingia wodini. Majeraha ya moto, maradhi ya ngozi, maambukizi na chanjo hufundishwa katika vipindi tofauti, lakini kitandani huja pamoja. Mtoto aliyeungua huhitaji kinga ya pepopunda, mwenye ukurutu huingiliwa na bakteria kupitia michubuko ya kujikuna, na mwenye surua asipotengwa mapema huwaambukiza wenzake ambao ngozi zao tayari ziko wazi. Msimamo wa mwandishi ni kwamba watoto wengi hudhoofika kwa sababu hakuna aliyerudi kuwatazama baada ya saa moja, na wachache tu kwa sababu dawa ilikosekana. Kwa hiyo karibu kila hatua iliyo hapa chini ina sehemu ya kupima upya.

Kabla ya kugusa kidonda

Pima uzito. Dozi ya dawa, kiasi cha dripu na kiwango cha mkojo unaotarajiwa vyote huhesabiwa kwa kilo. Mizani ikikosekana wakati wa dharura, mtoto wa mwaka 1 hadi 10 anaweza kukadiriwa kwa kujumlisha miaka yake na 4, kisha kuzidisha kwa 2. Makadirio hayo ni ya muda tu, na mtoto apimwe mara hali ikitulia.

Mvue nguo zote, pamoja na nepi, ndani ya chumba chenye joto na kwa zamu, ili sehemu inayokaguliwa ibaki wazi na iliyobaki ifunikwe. Ngozi ya mtoto ni pana ikilinganishwa na uzito wake, kwa hiyo hupoteza joto upesi. Kagua nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, mikunjo ya mapaja, viganja na nyayo. Vipele na majeraha mengi hukosekana kwenye kumbukumbu kwa sababu tu soksi haikuvuliwa.

Andika saa ya tukio, tofauti na saa ya kufika. Muda huo ndio utakaoongoza hesabu ya dripu.

Mtoto aliyeungua

*Kupoza.* Ondoa nguo zilizolowa maji ya moto, pete, bangili na nepi, isipokuwa kilichogandia kwenye ngozi. Mimina maji safi ya bomba yanayotiririka, yenye ubaridi wa kawaida, juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Hatua hii bado ina manufaa ndani ya saa 3 za kwanza, kwa hiyo ikiwa mtoto hakupozwa nyumbani, poza hapo hapo kituoni. Barafu haitumiki, maana hubana mishipa ya damu na kuongeza uharibifu. Dawa ya meno, mafuta, unga, ute wa yai na majani hufunga joto ndani, huficha kina cha jeraha na huingiza vijidudu, na huondolewa kwa upole wakati wa kuosha. Mlezi aliyepaka vitu hivyo asikaripiwe, kwa kuwa maelezo yake yatahitajika sana baadaye. Wakati sehemu iliyoungua inapozwa, mwili uliobaki ufunikwe, na kwa mtoto mchanga au aliyeungua eneo kubwa upozaji ukatizwe akianza kutetemeka au kupoa. Kemikali ya unga hupanguswa kwanza ikiwa kavu, ndipo maji mengi yafuate kwa muda mrefu zaidi.

*Njia ya hewa na upumuaji.* Sauti iliyokwaruza, masizi puani au mdomoni, nywele za pua zilizoungua, midomo kuvimba au mlio wakati wa kuvuta pumzi humaanisha kwamba njia ya hewa inaweza kuziba ndani ya saa chache. Mpe oksijeni kwa kiwango cha juu na umwite anayeweza kuweka mrija wa kupumulia kabla uvimbe haujakamilika. Kwa mtoto aliyetolewa kwenye moshi ndani ya chumba kilichofungwa, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kuonyesha asilimia 98 ilhali damu imebeba kaboni monoksaidi badala ya oksijeni. Namba hiyo isimtulize mtu.

*Ukubwa wa eneo.* Kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole vyake vikiwa vimebanwa, ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake. Kanuni ya tisa inayotumika kwa watu wazima, inayogawa mwili katika sehemu za asilimia tisa tisa, humpotosha muuguzi wa watoto, kwa sababu kichwa cha mtoto mchanga huchukua karibu asilimia 18 hadi 19 ya mwili, mara mbili ya kile cha mtu mzima, na miguu yake ni midogo kwa kadiri hiyo. Tumia chati ya Lund na Browder inayozingatia umri. Wekundu peke yake, bila malengelenge, hauhesabiwi.

*Kina.* Jeraha la juu juu huuma, huwa na unyevunyevu, na likibonyezwa hupauka kisha rangi hurudi upesi. Lililozama zaidi huwa na mabaka meupe na rangi hurudi polepole. Lililopita ngozi yote huwa gumu, kavu, jeupe au jeusi kama ngozi iliyokaushwa, na halina maumivu pale katikati. Kina hubadilika katika saa 48 hadi 72 za mwanzo, hasa kwa maji ya moto, kwa hiyo maelezo ya siku ya kwanza yaandikwe kama makadirio na jeraha likaguliwe tena.

*Maji ya mshipa.* Mtoto aliyeungua zaidi ya asilimia 10 huhitaji dripu. Kanuni inayotumika sana ni mililita 3 hadi 4 za Ringa lakteti (maji ya dripu yenye chumvichumvi) kwa kila kilo kwa kila asilimia iliyoungua, nusu ndani ya saa 8 za kwanza tangu kuungua na nusu ndani ya saa 16 zinazofuata. Chukua mtoto wa kilo 12 aliyeungua asilimia 15 saa nne asubuhi na kufikishwa saa sita mchana. Kwa mililita 3, jumla ni 3 × 12 × 15, yaani mililita 540. Nusu yake, mililita 270, inapaswa kuisha ifikapo saa kumi na mbili jioni. Saa 2 zimekwisha kupita njiani, kwa hiyo zimebaki 6, na kasi ni mililita 45 kwa saa. Muuguzi akigawa kwa 8 atampa mililita 34 tu kwa saa, na mtoto atakuwa nyuma mchana kutwa. Kuanzia saa kumi na mbili jioni kasi hushuka hadi kama mililita 17 kwa saa.

Juu ya hayo mtoto mdogo hupewa maji ya kawaida ya mwili yenye glukosi, maana akiba yake ya sukari ni ndogo: mililita 4 kwa kilo kwa saa kwa kilo 10 za kwanza, 2 kwa kila kilo ya 11 hadi 20, na 1 kwa kila kilo inayozidi hapo. Mtoto wetu hupata 40 + 4, yaani mililita 44 kwa saa. Akianza kunywa au kulishwa kwa mrija, kiasi hicho kipunguzwe kulingana na anachomeza.

Hesabu hii yote ni mahali pa kuanzia tu, na kinachoamua ni mkojo. Weka mrija wa mkojo na upime kila saa, ukilenga mililita 1 kwa kilo kwa saa, ambayo kwa mtoto huyu ni mililita 12. Ukipungua kwa saa mbili mfululizo, kagua mrija, kagua kanula (kijirija cha mshipani), kisha ongeza dripu kwa maelekezo ya daktari. Ukizidi mara mbili ya lengo, punguza, kwa sababu maji ya ziada huvimbisha jeraha na mapafu. Mkojo mweusi au mwekundu kwa aliyepigwa na umeme ni dalili ya misuli iliyoharibika ndani, hata kama kidonda cha nje ni kidogo kama tundu la kifungo, na moyo wake ufuatiliwe kwa mashine.

*Maumivu.* Mtoto aliyenyamaza huenda amechoka tu kulia. Kwa asiyeweza kujieleza, tazama sura, miguu, mwendo wa mwili, kilio na namna anavyobembelezeka, kila kimoja kwa alama 0 hadi 2. Parasetamoli ya miligramu 15 kwa kilo kila baada ya saa 6 ni msingi, lakini haitoshi kwa ubadilishaji wa bendeji. Mofini ya kunywa ipewe kama nusu saa kabla ya kufungua kidonda, na muuguzi asianze kwa sababu tu zamu inakaribia kuisha. Baada ya dozi, hesabu pumzi na uangalie usingizi wake. Mlezi akae upande wa kichwa cha mtoto, mahali pa kuonekana, asipewe kazi ya kumshikilia kwa nguvu.

*Kuosha na kufunga.* Osha kwa maji safi ya uvuguvugu au maji ya chumvi, ondoa ngozi iliyokufa, na uache malengelenge madogo yasiyopasuka. Weka shashi isiyoganda, halafu shashi kavu ya kunyonya majimaji, halafu bendeji. Krimu ya silva salfadayazini haimfai mtoto wa chini ya miezi 2, wala haipendekezwi usoni. Dawa za kuua bakteria za kinga hazitolewi kwa kila aliyeungua. Hutolewa pale dalili za maambukizi zinapoonekana.

Mkono unastahili uangalifu wa pekee. Kila kidole hufungwa peke yake kwa ukanda mwembamba wa shashi, kuanzia nchani kuelekea kiganjani, na kipande kingine hupitishwa katika kila nafasi kati ya kidole na kidole. Ncha za vidole ziachwe wazi ili rangi na joto lake vionekane. Vidole vikifungwa pamoja kama ngumi, ngozi mpya itaviunganisha, na upasuaji wa kuvitenganisha utamsubiri mtoto huyo. Mkono uinuliwe juu ya mto. Aliyeungua shingo halali na mto, kidevu kiinuke; kwapa huachwa wazi kwa kuweka mkono mbali na ubavu; goti na kiwiko hunyooshwa kwa gango usiku.

Jeraha lililozunguka mkono, mguu au kifua chote likaguliwe kila saa. Bonyeza ncha ya kidole kwa sekunde 5 na uachie; rangi ikichelewa zaidi ya sekunde 2, vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, mwite daktari wa upasuaji bila kungoja mzunguko wa asubuhi.

*Chakula.* Anza kulisha ndani ya saa 24 za kwanza, ikibidi kwa mrija wa puani. Mwili unaojenga ngozi mpya hutumia protini na nishati nyingi, na uzito upimwe mara mbili kwa wiki.

*Hatari inayosahaulika.* Mtoto mdogo mwenye jeraha dogo, la chini ya asilimia 10 na linaloonekana safi kabisa, anaweza kurudishwa siku chache baadaye akiwa na homa ya zaidi ya nyuzi 39, vipele mwili mzima, kutapika au kuharisha, na ulegevu. Hizo ni dalili za sumu ya bakteria wa stafilokoka. Mzazi anayeruhusiwa kwenda nyumbani aelezwe dalili hizi kwa kinywa na kwa maandishi, maana ni rahisi kuzidhania kuwa homa ya kawaida.

*Nani apelekwe hospitali ya rufaa.* Aliyeungua zaidi ya asilimia 10. Aliyeungua uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au viungo vya mwili vinavyokunjika. Jeraha lililopita ngozi yote au lililozunguka kiungo. Umeme, kemikali au moshi. Na mtoto ambaye namna ya kuungua kwake inatia shaka. Shaka hiyo hutokana na mambo yanayoonekana: miguu iliyoungua kwa mstari ulionyooka kama soksi bila matone ya kurukia pembeni, vidonda vya mviringo vya milimita 8 hadi 10 vinavyofanana na sigara, kuchelewa kuletwa bila sababu, au maelezo yasiyolingana na hatua ya ukuaji wa mtoto. Andika maneno ya mlezi kama alivyoyasema, chora ulichokiona, na ufuate utaratibu wa ulinzi wa mtoto. Kuhukumu si kazi ya muuguzi, ila kunyamaza nako hakukubaliki.

Maradhi ya ngozi yanayoletwa kila siku

Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea. Gusa kutafuta joto na ugumu, na ulinganishe na upande wa pili wa mwili.

Ukurutu hutibiwa kwanza kwa mafuta ya kulainisha yasiyo na manukato, kwa wingi ambao wazazi wengi hawautarajii: gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Mtoto aoge maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, akaushwe kwa kugusishwa taulo bila kusuguliwa, na apakwe mara moja ngozi ikiwa bado na unyevu. Krimu ya steroidi huenda kwenye sehemu zenye mwasho tu; kipande kinachotoka kwenye tyubu kufuata pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kama nusu gramu, hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Wazazi wakiogopa steroidi hupaka kidogo mno, na ugonjwa hurefuka. Vidonda vidogo vinavyofanana, vyenye shimo katikati, vikitokea ghafla pamoja na homa, ni virusi vya hapesi juu ya ukurutu, na hiyo ni dharura.

Upele wa utitiri huwasha zaidi usiku na huonekana katikati ya vidole, viwiko, kiunoni na sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga huwa pia kwenye viganja, nyayo na kichwa. Krimu ya pemethrini ya asilimia 5 hupakwa mwili mzima kwa saa 8 hadi 14, kisha huoshwa na kurudiwa baada ya siku 7. Kwa mtoto mchanga kichwa nacho hupakwa, macho na mdomo vikiachwa, na mikono ivalishwe soksi asije akailamba. Kila anayeishi naye atibiwe siku hiyo hiyo hata kama hajikuni. Mwelezeni mlezi mapema kwamba mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya utitiri kufa, la sivyo atarudia dawa mpaka ngozi ichubuke.

Mapunye hayaponi kwa krimu, maana fangasi wamo ndani ya unywele. Hutakiwa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na griseofulvini huchukua 6 hadi 8. Mchubuko wa nepi unaoruka mikunjo hutokana na unyevu, na dawa yake ni kubadilisha nepi mara kwa mara, kuacha ngozi ipigwe na hewa na kupaka krimu ya zinki. Unaoingia ndani ya mikunjo na kuzungukwa na vipele vidogo vya pembeni ni wa fangasi, na huhitaji dawa yake.

Maambukizi

Anza na mikono: sekunde 40 hadi 60 kwa sabuni na maji, au 20 hadi 30 kwa kipukusi chenye alkoholi, kabla na baada ya kila mtoto, hata kama glavu zilivaliwa.

Kwa kila mtoto mwenye homa, tafuta kwanza dalili za hatari: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hazinduki vizuri. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5.

Homa pamoja na vipele visivyofifia vikibonyezwa kwa bilauri ya kioo ni tishio la maambukizi ya meningokoka, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, katika damu. Kwenye ngozi nyeusi vitafute viganjani, nyayoni, ndani ya kope na kwenye kaakaa. Kanula, antibiotiki ya seftriaksoni na daktari vitakiwe ndani ya dakika chache, na uchunguzi mwingine ufuate.

Surua huanza kwa homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha vipele hutokea nyuma ya masikio na usoni na kuteremka. Mtoto huambukiza kuanzia siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada, kwa njia ya hewa, kwa hiyo pazia kati ya vitanda halitoshi. Anahitaji chumba chake. Vitamini A hutolewa siku 2 mfululizo: yuniti 50,000 kwa wa chini ya miezi 6, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kuanzia mwaka 1. Macho yakiwa na dalili za upungufu wa vitamini hiyo, dozi ya tatu hufuata baada ya wiki 4 hadi 6.

Mwenye tetekuwanga hutengwa hadi malengelenge yote yakauke na kuwa magaga. Asipewe aspirini, na aibuprofeni pia iepukwe, parasetamoli inatosha.

Ngozi iliyovimba na kuwa moto izungushiwe mstari wa kalamu pembezoni mwa uvimbe, na saa iandikwe kando yake. Baada ya saa chache, mstari ule utaonyesha kama ugonjwa unaenea, bila kutegemea kumbukumbu ya mtu wa zamu iliyopita. Vidonda vya usaha vyenye magaga ya rangi ya asali huoshwa na kutibiwa kwa antibiotiki, na mlezi aambiwe arudi iwapo, hata wiki kadhaa baadaye, uso utavimba au mkojo utakuwa kama chai ya rangi, kwa kuwa figo zinaweza kuathirika.

Chanjo

Ratiba hufuata mpango wa taifa husika, lakini ufundi wa kuchanja ni uleule.

Jokofu liwe kati ya nyuzi 2 na 8, na joto liandikwe mara mbili kwa siku. Watu huogopa joto zaidi, lakini baridi kali huharibu vilevile: chanjo za pepopunda, homa ya ini B, pentavalenti (ya magonjwa matano kwa pamoja) na nimonia zikiganda hutupwa. Ukishuku kugandishwa, tikisa kichupa pamoja na kingine cha aina na kundi lilelile ulichokigandisha makusudi. Kama machicha yanatulia chini kwa kasi ileile, chanjo imeharibika. Chanjo za surua na BCG (ya kifua kikuu) zilizokwisha kuchanganywa hutupwa baada ya saa 6 au kipindi cha kuchanja kikiisha, lolote litakalotangulia.

Kabla ya kuchanja, uliza kuhusu mzio mkali wa dozi iliyopita, upungufu wa kinga, na damu aliyoongezewa. Swali la mwisho linamhusu hasa aliyeungua, maana bidhaa za damu zinaweza kudhoofisha mwitikio wa chanjo ya surua, nayo huahirishwa kwa miezi kadhaa kulingana na bidhaa iliyotumika. Mafua, homa ndogo, kuharisha kidogo au kuzaliwa kabla ya wakati si sababu za kumrudisha mtoto bila chanjo. Dozi ikichelewa, endelea pale alipoishia bila kuanza upya.

Mtoto apakatwe wima, mkono wake mmoja upite nyuma ya mgongo wa mlezi, na miguu ibanwe kwa upole kati ya mapaja. Akinyonya wakati wa sindano, maumivu hupungua. Toa kwanza matone ya mdomoni, kisha sindano, ile inayouma zaidi ikiwa ya mwisho. Sindano za msuli kwa mtoto mchanga huchomwa paja la mbele upande wa nje, kwa pembe ya nyuzi 90, bila kuvuta bomba kutafuta damu. Kamwe si takoni, penye neva kubwa. Mbili kwenye paja moja zitenganishwe kwa sentimita 2.5. BCG huingizwa ndani ya ngozi ya mkono, mililita 0.05 kwa mtoto mchanga, na kijivimbe cheupe kitokee papo hapo. Chanjo mbili hai za sindano hutolewa siku moja au hutenganishwa kwa wiki 4. Sindano iliyotumika haifunikwi tena. Hutumbukizwa kwenye sanduku la usalama.

Mtoto akae kituoni dakika 15. Adrenalini ya 1 kwa 1,000 iwe mezani tayari, mililita 0.01 kwa kilo kwenye msuli wa paja, hivyo mililita 0.12 kwa mtoto wa kilo 12, na irudiwe baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Vipele vya mwasho, mlio wa filimbi kifuani, uso kuvimba na mapigo dhaifu ndiyo mzio mkali.

Mlezi aondoke akijua kwamba homa ndogo na uvimbe wa siku moja au mbili ni wa kawaida, kwamba kidonda cha BCG huanza baada ya wiki 2 hadi 6 na hakifungwi wala kupakwa chochote, na kwamba mtoto arudishwe akilia bila kukoma kwa saa 3, akipata degedege, au homa ikipita nyuzi 39. Andika kwenye kadi na kwenye rejesta aina ya chanjo, namba ya kundi, paja lililotumika na tarehe ya kurudi, mlezi akiwa bado amekaa mbele yako.